Ngoja Nikachukue Bawaba

Mlango wa chumba changu cha kulala umeegemea mwembe, uani. Haukwenda wenyewe. Aliupeleka fundi, Jumatatu ya wiki iliyopita, baada ya kuuchomoa kwenye fremu, kuugongagonga kwa vidole kama daktari anayepima kifua cha mzee, na kutoa hukumu kwamba bawaba zimekwisha. Hilo sikatai. Mlango ni wa mninga, mzito kama deni, na bawaba zile zilikuwa zinalia usiku kuliko bundi. Fundi akausimamisha pale mwembeni, akajifuta mikono kwenye suruali, akapokea nusu ya hela, akapanda baiskeli yake. Mguu mmoja ukiwa bado chini akaniambia, "Mzee, ngoja nikachukue bawaba."

Leo Ijumaa, siku ya kumi na moja, naingoja hiyo ngoja.

Kwa sasa mlango wangu ni khanga ya mama watoto. Maandishi yake yalinunuliwa kumsema jirani mmoja, lakini kwa jinsi ilivyotundikwa yanamsema kila anayekaa sebuleni, mgeni kwa mwenyeji. Upepo wa Desemba hapa Nachingwea nao hauna adabu. Ukivuma, khanga inapanda juu, na barabara nzima inajua nimelala upande gani.

Katikati ya msiba huo ndipo mpwa wangu akashuka kutoka Ruangwa, begi begani, kaunta buku kwapani. Amemaliza mtihani wa kidato cha nne, anasubiri matokeo, na kijana anayesubiri matokeo ni kama shamba lisilolimwa, linaota chochote. Dada kaniletea mimi. Umwerani kwetu mjomba hana pa kukimbilia: mtoto wa dada akila ni kwako, akioa ni kwako, akiharibu ni kwako zaidi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Humo kwenye daftari mna nini?"

"Lugha, mjomba."

"Lugha ya wapi?"

"Bado haina kwao. Naitengeneza."

Nikanyamaza. Watoto wa wenzangu wanatengeneza matofali.

Chanzo cha yote ni kibanda umiza. Kijana aliangalia filamu ya Avatar, ile ya mwaka 2009 yenye watu wa bluu warefu kama minazi, akaambiwa kwamba lugha wanayosema wale watu ilitungwa na mtaalamu wa isimu anayeitwa Paul Frommer. Yeye hakuisikia hata neno, maana kule kibandani yule jamaa anayetafsiri filamu alikuwa amekaa juu ya sauti zote, anasimulia mapenzi na visasi kwa Kiswahili cha Kariakoo. Lakini kijana ana simu, na simu ina bando. Akachimba. Akagundua kwamba katika Kinavi kuna wakati ujao wa aina mbili. Upo wa kawaida, wa jambo litakalotokea tu, kama mvua. Na upo wa mtu aliyeazimia: nitafanya kwa sababu nimekusudia, sibahatishi. Alama yake inachomekwa tumboni mwa kitenzi, hivi hivi kama sisi tunavyochomeka *-li-* na *-ta-* zetu.

Akaendelea kuchimba. Akawakuta Waklingoni, wale wagomvi wa Star Trek, ambao lugha yao ilitungwa na Marc Okrand na kamusi yake ikatoka mwaka 1985. Hao ukimaliza jambo una viambishi viwili vya kuchagua mwishoni mwa kitenzi. Kimoja kinasema jambo limekwisha, basi. Kingine kinasema limekwisha na ndivyo nilivyotaka liishe. Nilipoelezwa hilo nilifikiria mahakama zetu. Mshitakiwa angekuwa anafungua mdomo tu, hakimu anaandika hukumu.

Akamalizia na Kiesperanto, kilichotolewa mwaka 1887 na daktari wa macho wa Warsaw aitwaye Zamenhof. Huko kitenzi kikiishia *-as* ni sasa, *-is* ni jana, *-os* ni kesho, *-us* ni ingekuwa, na *-u* ni nataka iwe. Hakuna kitenzi kinachokwenda kinyume. Nilifikiri ananitania mpaka aliponiambia kwamba wasemaji wa lugha hiyo walifanya kongamano lao la dunia Arusha, Agosti 2024, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Anasema anajuta kulikosa. Mimi nadhani nauli ya Ruangwa hadi Arusha ndiyo iliyomwokoa mama yake.

Sasa lugha yake yeye. Jina haina, anasema jina litakuja. Inavyofanya kazi ni hivi: huwezi kumaliza kitenzi mpaka useme ulikusudia au hukukusudia. Ukikusudia unaweka *-ma*. Likikutokea tu unaweka *-zu*. Na likikushangaza, liwe lako au la mwenzio, unaweka *-hoi*. Kula ni *lefa*. *Lefama*, nimekula nikijua ninachofanya. *Lefazu*, nimekula bila kutaka. *Lefahoi*, lahaula, nimekula!

"Waturuki wanayo ya mshangao, mjomba," akaniambia. "Wanaweka *-miş* kwenye kitenzi. Jambo hukuliona likitendeka, au umelikuta tu likakushtua, unalisema kwa hiyo."

"Na sisi tuna *kumbe*," nikamwambia.

"*Kumbe* si kitenzi."

"Lakini inafanya kazi kuliko fundi wangu."

Nilijaribu kumrudisha njiani. Nikamwambia lugha haikaliwi mezani ikatungwa, lugha inaota yenyewe kama mkorosho. Hapo nilikosea. Kijana akanifungulia ukurasa mwingine wa kaunta buku, akanisomea kwamba hata hiki Kiswahili Sanifu ninachojivunia kilikaliwa vikao: mwaka 1928 Mombasa wakakubaliana kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar kuamua kipi kiandikweje. Nikamjibu kwamba kikao hicho hakikuita mtu yeyote wa Nachingwea, kwa hiyo mimi sifungwi nacho. Akaliandika hilo.

Usiku huo, chini ya khanga inayopepea, nililala nikitafakari. Na siyo siri, kadiri nilivyotafakari ndivyo nilivyozidi kukasirika, maana niligundua kwamba fundi hajanidanganya. Kisarufi, fundi yule ni mtu msafi.

Hebu msikilize tena. *Nikachukue* bawaba. Angesema *nikachukua* bawaba, tungekuwa tunazungumza habari ya bawaba zilizochukuliwa: nikaenda dukani, nikachukua bawaba, nikarudi, nikafunga mlango, nikapokea hela yangu. Kazi imekwisha, tunakunywa chai. Lakini yeye mwishoni aliweka *e*. *Ka* ni ile ile, *chukua* ni ile ile, ila ile *e* imelitoa jambo zima duniani na kulirudisha moyoni mwake, kwenye nia, ambako lipo mpaka leo. Kati ya *nikachukua* na *nikachukue* kuna irabu moja na mlango mmoja, na mimi nimelipia nusu.

Nikaamka nimechoka. Nikaichunguza na ile *-ta-*. Nilimpigia simu fundi mara nne siku za mwanzo, na mara zote nne akasema "nitakuja". Sasa, hii *-ta-* wataalamu wanatuambia ni kitenzi *taka* kilichokatwa mkia. Ushahidi upo mdomoni mwako: sema "mtu atakuja", kisha sema "mtu *ataka*yekuja". Mkia umerudi! Ukikigeuza kitenzi ukakiweka kwenye kirejeshi, lile *taka* la zamani linachungulia kama panya dari ikifunuliwa. Kwa hiyo babu zetu walipotaka kusema habari ya kesho waliona hakuna mwenye kuijua kesho, kilichopo ni kutaka tu. *Nitakuja* asili yake ni *nataka kuja*. Na fundi anataka. Sijawahi kusema hataki.

Mji wangu wenyewe, ukiutazama vizuri, umejengwa kwa *-ta-*. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuja na Mradi wa Karanga. Watafyeka pori la mamilioni ya ekari Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea, watapanda karanga, watapata mafuta ya kula kwao. Wataleta reli kutoka baharini. Kusema kweli reli waliileta, na bandari ya Mtwara ikajengwa kwa ajili yake. Karanga ndizo zilizogoma. Mradi uliwalia pauni zinazokaribia milioni 36, wakaufunga mwaka 1951, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kukosa cha kubeba. Katika lugha ya mpwa wangu sijui wangeutangazaje. Ningependa sana kumwona ofisa wa wakati ule akilazimika kuchagua kati ya *-ma* na *-zu* mbele ya Bunge la kwao.

(Haki ni haki, wapo waliokaa hapa na nia ikatimia. Wapiganaji wa FRELIMO walifanya mazoezi hapa Nachingwea miaka nenda rudi, na Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Lakini wale hawakuwa mafundi milango.)

Jumamosi dada alituma mzigo wa ming'oko kwa gari, tukaenda stendi na mpwa wangu kuupokea. Nashauri kila mtunga lugha apelekwe stendi ya Nachingwea kabla hajaanza. Palikuwa na kosta ya kwenda Ruangwa. Injini imezimwa. Dereva hayupo, viatu vyake vipo, amelala mahali peku. Ndani wamekaa watu watano na kuku mmoja. Na konda kasimama mlangoni, mishipa ya shingo imemtoka, anaita: "Inatoka! Ruangwa inatoka! Inatoka hiyo!"

Mpwa wangu akatoa kalamu. "Mjomba, gari imesimama. Kwa nini anasema *inatoka*?"

"Hiyo ni nia."

"Nia ya nani? Gari haina nia."

Akaja mama mmoja na ndoo, akauliza kwa upole, "Mwanangu, mnaondoka saa ngapi?" Konda akamjibu, "Tunaondoka sasa hivi mama, bado mmoja tu." Mama akapanda. Akaja mzee na baiskeli mbovu. Bado mmoja tu. Akapanda, baiskeli ikafungwa juu. Wakaja wanafunzi watatu. Bado mmoja tu. Baadaye dereva akaamka, akawasha, akaisogeza gari mbele hatua kumi. Abiria wote wakashika viti, wamefurahi, akairudisha nyuma hatua kumi zile zile akazima. Mpwa wangu akaniuliza kile kitendo cha mbele na nyuma kwa Kiswahili kinaitwaje. Nikamwambia hicho ndicho kiambishi cha nia, ila kinaandikwa kwa matairi.

Tulikaa pale saa nzima na nusu kumsubiri mwenye mzigo wetu, ambaye naye kwa simu alikuwa *amefika*. Amefika! *-me-*, jambo lililotimia! Bodaboda wa mji huu akikuambia *nimefika* maana yake ameshaamka. Akikuambia *niko hapa hapa* anatafuta shati.

Tukirudi nyumbani mpwa wangu alikuwa kimya. Aliniambia baadaye kwamba siku ile aliongeza kiambishi cha nne, cha mtu anayesema amekusudia ilhali yeye na msikilizaji wote wanajua hajakusudia. Nikamwambia afute. Hicho kingekula maneno yote mengine, tusingekuwa na la kusema.

Kwenye kutokusudia, hata hivyo, nilimwambia asijisumbue, hapo Kiswahili kimeshafika na kukaa. Jumapili asubuhi tulisikia mlio jikoni. Binti yangu mdogo akatoka taratibu, mikono mgongoni, akatoa taarifa: "Chupa ya chai imevunjika."

Angalia kazi ya fundi mwenyewe wa lugha. Hakusema nimevunja. Kilichotumika ni *-ik-*, na ukishaweka *-ik-* mtendaji anatoka mlango wa nyuma. Kikombe kimevunjika, hela zimetumika, nguo imechanika, mboga imemwagika. Ulimwengu mzima unajiharibikia wenyewe huku sisi tumekaa tunautazama kwa huzuni. Ukimbana zaidi mtoto, ana ngazi ya pili: "Imenivunjikia." Hapo ameongeza *-i-* ya kutendea na yeye mwenyewe ndani yake. Sasa si mkosaji tena, ni mfiwa. Chupa imemvunjikia yeye, maskini ya Mungu, na ukitaka kuwa mtu mwema unatakiwa umpe pole. Nikampa pole. Nilikuwa nimeshampa nikashtuka kwamba chupa ni yangu.

"Hiyo ndiyo *-zu*," mpwa akasema, akiandika.

"Hiyo ni zaidi ya *-zu*. *-Zu* yako inasema tu hakukusudia. *-Ikia* inakudai rambirambi."

Na ukitaka nia, weka *-ji-*. Kuanguka ni bahati mbaya. Kujiangusha ni mpango. Hili halihitaji shule, kila aliyekaa jukwaani Uwanja wa Majaliwa pale Ruangwa siku Namungo wakiwa nyumbani analijua. Mchezaji wa wageni akilala kwenye eneo la hatari, jukwaa zima, pamoja na wauza karanga na askari, linasema neno moja: "Kajiangusha!" Mwamuzi ana filimbi, sisi tuna mofolojia. Ingawa hapa mpwa wangu alinikamata. Akauliza: mbona *kujikwaa*? Nani anayejikwaa kwa makusudi? Nilitafuta jibu muda mrefu. Nikamwambia kwamba hata lugha inajikwaa, akaridhika, lakini mimi mwenyewe sijaridhika mpaka leo.

Mfalme wa vitenzi vyote vya aina hii ni *kujikuta*. Nilipita tu barabarani, nikajikuta kilabuni. Nilionja kidogo, nikajikuta nimemaliza. Mtu wa *kujikuta* ni wawili: mmoja anatembea na kufanya mambo, wa pili anakuja nyuma yake kumfumania, na wote wawili wanashangaa. Nia na mshangao ndani ya neno moja, na nia imekanushwa. Waklingoni hawana. Nilimwambia mpwa wangu akitaka lugha yake ipendwe duniani aanzie hapo.

Laiti nisingesema. Mama watoto alikuwa anapeta mchele karibu, anasikia.

Inabidi nieleze habari ya korosho. Huku kwetu tunauza kwa stakabadhi ghalani. Unapeleka korosho zako chama cha msingi, zinapimwa, unapewa karatasi, mzigo unakwenda ghala kuu, unapigwa mnada, halafu unasubiri hela iingie. Asiyeweza kusubiri huwauzia watu wa kangomba kwa bakuli, kichochoroni, kwa bei ya aibu. Mimi nilisubiri. Nilikwenda kuuliza mara kadhaa. Nikaambiwa malipo *yanashughulikiwa*. Na nani, haisemwi. Yanashughulikiwa tu, kama vile jua linavyochomoza. Safari nyingine nikaambiwa wahusika *wapo mbioni*, na aliyeniambia alikuwa amekaa. Mwishowe hela ikaingia, na mama watoto akajua imeingia kabla yangu, kwa njia ambayo sijaielewa. Tulikuwa tumepanga bati ishirini za jiko. Zimenunuliwa kumi na sita.

"Mwenzangu," akasema, ungo bado mkononi, "hela ya bati nne iko wapi?"

"Ilitumika."

"Sawa. Na nani?"

"Si unajua tena, mambo yaliingiliana."

Akaweka ungo chini. "Basi nijibu kwa lugha ya mwanao. Kutumia, anasema ni *tesa*. Niambie, ni *tesama* au *tesazu*?"

Nilimtazama mpwa wangu. Mpwa wangu akatazama mwembe.

Sikuwahi kujua ni starehe kiasi gani kuwa na lugha inayokuacha upumue. Kwa Kiswahili ningeweza kuizunguka hela ile mpaka Magharibi: ilipungua, ilichanganyika, ilikatikia njiani. Lakini lugha ile ya kaunta buku ina milango miwili tu, na yote miwili ina mama watoto. Nikachagua *-zu*. Nikaeleza kwamba nilikwenda Ruangwa kwa nia safi ya kumjulia hali dada, na nilipokuwa napita, kutokana na wingi wa watu, nikajikuta uwanjani, na jezi nikajikuta nimeivaa, na baada ya mechi wenzangu wakawa na njaa.

"Mjomba," akasema yule niliyemkaribisha kwangu, ninayemlisha ming'oko, "si ulinitumia hela ya tiketi siku mbili kabla?"

*Tesama*. Mama watoto alilitamka vizuri sana, kama mzaliwa wa huko. Tangu siku hiyo hanipigii kelele. Akipita tu ananong'ona, *tesama*, anaendelea na kazi zake. Watoto wameshaliokota. Jirani anayesemwa na khanga aliniuliza juzi hiyo *tesama* ni dawa gani.

Nikaomba Mungu lugha ile ife. Naungama. Sikuomba ife kwa namna ile.

Jana mchana nilikuwa barazani na mpwa wangu, joto limetushika, tunabishana juu ya mshangao. Yeye anasema Kiswahili kinashangaa kwa vibarua: *kumbe*, *ala*, *lo*, *mara*, maneno ya kukodi pembeni ya kitenzi, na kitenzi chenyewe kimetulia kama hakijasikia. Mimi nasema hapana, kitenzi kinashtuka. Mtu anasimulia ya jana vizuri, *nilitoka, nilikwenda, nilifungua*; likifika lile la kushtua analiacha lile *-li-* papo hapo: "*nafungua* mlango, *nakuta* nyoka!" Ya jana yamekuwa ya sasa hivi, nyoka yupo hapa hapa kwenye benchi na sisi. Na *kumbe* nayo ina tabia zake. Ukikuta rafiki yako ana hela, na hela anazo bado mfukoni, unamwambia "kumbe *ulikuwa* na hela!" Kwa nini *ulikuwa*? Kwa sababu unashangaa kwa niaba ya siku zote zile ulizokuwa unamkopesha. Alikuwa anaandika hilo kwa bidii kwenye kipande cha karatasi, nikaona anaanza kuyumba, nikafurahi.

Akaingia ndani kuchukua kalamu nyingine.

Mbuzi wa jirani alikuwa chumbani kwangu. Aliingia kama anavyoingia kila mtu, kwa kuinua khanga. Alikuwa amepanda kitandani, amekaa upande wa mama watoto, na mbele yake kuna kaunta buku, iliyokuwa imesahauliwa pale baada ya mke wangu kuiazima ajifunze zaidi. Alikuwa anatafuna bila haraka. Jalada lilikuwa limeshakwenda, na karatasi moja yenye jedwali la vitenzi ilikuwa inaning'inia mdomoni, inaingia kidogo kidogo kama tambi.

Nikasikia sauti ya mpwa wangu ikipasuka, sauti ambayo sijaisikia tangu alipokuwa mtoto:

"Mjomba! Mbuzi *kala*!"

Hakusema *lefahoi*. Miezi minne ametunga kiambishi cha mshangao, amekipigia mstari kwa kalamu nyekundu, na siku ya kukitumia imefika mpaka kitandani, kijana kasema *kala*. Vitabu vinataka *amekula*. Lakini aliyeshtuka kweli hana nafasi ya *ame*. Anaibana, anaimeza, linatoka *ka* tupu na roho yake ndani. Nilitaka kumwonyesha hilo pale pale. Nikamtazama usoni nikaacha. Kuna siku za kushinda ubishi na kuna siku za kumshika mtoto wa dada bega.

Tulichookoa ni kurasa za mwanzo: maneno ya *kula*, *kutumia* na *kwenda*, pamoja na *-ma* na *-zu*. *-Hoi* imeliwa yote. Kijana anasema ataiandika upya, na alipolisema hilo mama watoto akamuuliza kama ni *ataandikama*, akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu mchana. Jirani nimemwendea. Anasema mbuzi *alijiingilia*, na kwamba kwa kawaida mbuzi haingii penye mlango. Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo, fundi, najua gazeti hili huwa linafika pale kijiweni kwako, hata kama ni la kufungia misumari. Mlango bado uko chini ya mwembe na mvua zimekaribia. Nusu ya hela ninayo, nimeificha mahali ambapo haiwezi kutumika wala mimi siwezi kujikuta. Usinipigie kuniambia unakuja, umefika, wala upo hapa hapa. Bawaba nimenunua mwenyewe, tatu, za shaba. Njoo na bisibisi.